Uji wa Kina Wafula

Jumatatu, 4 Agosti 1958
Taipu asubuhi nzima. Vidole vimekufa ganzi. Adhuhuri nikatembea hadi karakana ya useremala, Ngara. Wafula alikuwa akipiga randa mlango wa kabati la tajiri mmoja wa Karen, vumbi la mbao limejaa kwenye kope. Fundi mwenzake akapaza sauti: "Wafula, shemeji amekuja kukagua kazi!" Niliona haya. Nampenda. Basi.

Jumatano, 6 Agosti
Nimefika nyumbani Waithaka na kukuta habari. Bwana Njoroge, mwenye malori, ataleta watu wake Jumamosi kuniposa. Baba amefurahi. Shangazi amefurahi zaidi: nitakula nyama kila siku, anasema. Sitaki nyama. Wote wanajua namtaka Wafula.

Alhamisi, 7 Agosti
Desturi yetu: baba humwuliza binti mbele ya wageni walioleta pombe ya posa, "Tunywe?" Binti akionja kwanza, amekubali. Sisi watu wa kanisa tumeacha pombe, tunatumia uji. Swali ni lile lile. Sijawahi kumkatalia Baba kitu chochote. Naogopa.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekataa.
Baba aliuliza. Nikaweka kibuyu cha uji chini, kimejaa. Kisha Shangazi: "Utakula mapenzi?"
Mama, mpole wa siku zote, akacheka. "Mimi nayala tangu niolewe. Nimekonda?"
Mama ni mnene. Hata wageni walicheka. Kila mtu akamgeukia Baba, ambaye humbebea Mama kuni mgongoni, wanaume wenzake wakimdhihaki. Akainamisha kichwa. Alikuwa anatabasamu. Niliona!

Jumapili, 10 Agosti
Baba, bila kunitazama: "Mlete huyo seremala wako. Na watu wake."
Nimelia jikoni. Kwa furaha. Kama mjinga.

Jumamosi, 23 Agosti
Wamefika kutoka magharibi. Mama mdogo wa Wafula kaleta uji wa wimbi, mchachu, mzito. Baba akauliza: "Tunywe?" Nilipaswa kuonja kidogo, kisha nimpe. Nikanywa. Nikaendelea kunywa. Nilishtuka kibuyu kikiwa kitupu.
"Na mimi ninywe nini, mama?" Baba akaniuliza.
Wafula alicheka mpaka akatoka nje.

Jumapili, 24 Agosti
Manyunyu tangu alfajiri. Shangazi bado hanisalimii. Baada ya ibada nilitembea na Wafula, hatukusema mengi. Hana lori, hana kiwanja. Tutapanga chumba kimoja. Nilidhani ningeyawaza hayo njiani. Sikuyawaza. Nilikuwa nasikiliza viatu vyake kwenye tope, kando ya vyangu.