Pua ya Kuchorwa

Jumatatu, 3 Februari
Stima imepotea tangu asubuhi. Nakata mbao kwa msumeno wa mkono, mabega yanauma. Maalim Athman wa Mambrui kaleta picha za kutiwa fremu. Machapisho ya kale ya Ulaya, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Kaachiwa na jirani yake Mzungu aliyehama. Anataka kuzitundika maktabani, vijana wazione. Sikuuliza za nini. Ya kwanza ni mwanamume mwenye pua ya ndoana, kucha ndefu, gunia la fedha mgongoni. Nikacheka. Zuhura, fundi cherehani wa duka la pili, naye kaja kuangalia. Kacheka mpaka kashika mbavu.

Jumatano, 5 Februari
Maalim kapita. Nikamwambia picha zake zachekesha. Hakucheka. Akasema hao waliochorwa ni Mayahudi. Pua ile wachoraji waliigiana tu, miaka na miaka, wala hawakumtazama mtu usoni. Zikauzwa barabarani, watu wakazibandika majumbani, watoto wakakua wakiziona.
"Walianza kwa kucheka, mwanangu," akasema. "Walipokuja kuchukuliwa majirani zao wakauawe, wengi hata hawakushtuka."
Nimeona haya. Alipotoka nikazigeuza zote zitazame ukuta.

Alhamisi, 6 Februari
Leo natengeneza fremu za picha za harusi tu. Baba kanipigia kutoka kijijini kwetu Adu. Mtoto mchanga wa binamu yangu Charo amefariki. Homa. Baba ameambiwa asihudhurie mazishi. Hakutaka kusema kaambiwa na nani. Sikuipenda sauti yake.

Jumamosi, 8 Februari
Kwenye kundi la simu la ukoo kumewekwa mchoro. Mzee mwenye mvi, macho mekundu, kucha ndefu. Gunia mgongoni, na guu la mtoto limechomoza humo. Jina hakuna. La nini? Kofia ni ya Baba, mkongojo ni wa Baba. Pua siyo. Baba ana pua bapa kama yangu, wao wamempa ya ndoana.
Nimechukua chapisho la Maalim nikaliweka kando ya simu. Haki ya Mungu, mwili ulinisisimka. Yule mchoraji wa Ulaya hakuwahi kufika Adu, na wa kwetu hajaziona karatasi hizi.
Mkono naujua. Charo ndiye huchora mabango ya maduka pale. Amefiwa, namhurumia. Lakini shamba lake lapakana na la Baba, na ua wa mpakani amekuwa akiusogeza tangu mwaka jana.
Chini ya mchoro ni vicheko vitupu. Shangazi yangu, dada yake Baba wa tumbo moja, naye kaweka kicheko.

Jumapili, 9 Februari
Nimemwambia Baba aje Malindi. Hataki. Amekosa nini hata akimbie? Basi apake nywele piko ziwe nyeusi, nikamwambia. Wenzake wote wamepaka, siku hizi Adu huoni mzee mwenye mvi, kila mtu aogopa kuitwa mchawi. Akafoka. Mvi zake kazipata kwa umri wake, hakumwibia mtu. Mkaidi! Nimelia kwa hasira.

Jumanne, 11 Februari
Kundini kimya. Kimya hiki chanitisha kuliko vile vicheko. Mchana Shangazi kaniandikia mimi peke yangu, nikamchukue Baba kabla ya Alhamisi. Kabla sijajibu, kaufuta ujumbe. Nimefunga duka, nimekwenda kwa Maalim kuomba gari. Kasema ataliendesha mwenyewe, kesho alfajiri.

Jumatano, 12 Februari
Tumemkuta Baba shambani, apalilia. Bado hataki. Vijana wamekaa njiani wanatutazama. Mmoja kasimama, kapinda mgongo, kajifanya kabeba gunia, akatembea hivyo kumpita Baba. Wenzake wakaangua kicheko. Huyo kijana Baba alimlipia karo.
Baba kaangusha jembe. Kaingia garini miguu mitupu.

Ijumaa, 14 Februari
Nyumba ya Baba imechomwa usiku wa kuamkia leo. Na kuku ndani ya banda. Jirani asema waliokuja walikuwa wakicheka.
Jioni Baba kaomba aone zile picha nilizozigeuza. Maalim alikuwepo, amekuja kutupa pole. Baba akazitazama moja moja, karibu sana, macho yake hayaoni vizuri.
"Hawa walikimbilia wapi?" akauliza.
"Waliopata njia walikimbia, mzee wangu," Maalim akamjibu. "Wengi hawakupata."
Baba akanirudishia karatasi. Akavua kofia.
"Haya," akaniambia, "nipake hiyo piko yako."

Alhamisi, 6 Machi
Picha za Maalim zimekwisha. Baba kanisaidia kufuta vioo. Mbili alizirudia, asema zina alama za vidole. Zuhura amtania, amwita bwana harusi kwa hizo nywele nyeusi tii. Baba atabasamu kidogo, halafu atazama barabara.
Alipoinama kufunga fremu kwa kamba nikaona. Mashinani mvi zimeanza kurudi.
Nimevuka hadi dukani kununua piko. Nimenunua pakiti nyingi.