Kwa Shangazi Aliyeingia Nyumba ya Ndui

Shangazi yangu Kadzo,

Tangu tulipokuzika mwezi uliopita, nina neno limenikaa kooni. Nilipaswa kukuambia ukiwa hai, nikaogopa. Sasa naliandika, na anayetaka kulisoma na alisome.

Ulikuwa mwaka ule wa kungojea uhuru, ndui ilipoingia Msambweni. Nilikuwa nakaa kwako na Tabu wangu, mchanga wa miezi mitatu, mume wangu akifanya kazi bandarini Mombasa. Jirani yetu Mwanakombo akashikwa. Bwana afya akafunga kitambaa chekundu mlangoni pake na kukataza watu kuingia. Mumewe alikuwa safarini. Ndugu zake wakamwekea uji kizingitini, wakakimbia. Kesho yake ulipoona uji umekauka pale pale, ukachukua mtungi wa maji, ukaingia.

"Mimi ndui ilishanila utotoni," uliniambia, ukinionyesha makovu ya usoni kana kwamba sikuwahi kuyaona. "Hairudi mara mbili."

"Na mwanangu je?" nilikupigia kelele. Nikatia komeo.

Hukugombana nami. Ulihamia jikoni kule nje, ukalala karibu na majivu muda wote wa ugonjwa ule, ukichemsha nguo zako kila jioni, na Tabu ukimtazama kwa mbali tu.

Siku ya tano akaja Salimu, kaka yake Mwanakombo, akasimama mlangoni pa mgonjwa, panga mkononi. Hakupiga hodi wala hakukuamkia. Mtaani walikuwa wakisema kwamba unataka kumbatiza dada yake akiwa hajitambui. Nilichungulia kwenye dirisha letu.

"Unamlisha au unambatiza?"

"Ingia umlishe wewe, mwanangu, nami nitakupisha," ulimjibu. Hakusogea. "Basi kaa hapo dirishani umsomee Yasini. Tangu jana anaiomba, na mimi siijui."

Panga likashuka. Salimu akachuchumaa ukutani, akasoma, sauti ikimkatikakatika, nawe ndani ukimpangusa dada yake usaha.

Sasa neno lenyewe. Jumapili ya pili mzee wa kanisa, asiyekaa mtaani kwetu, alikuja kuuliza mbona huonekani ibadani. Nilihofu kwamba nikisema unamuuguza mwenye ndui watatutenga, mimi na mtoto. Nikamwambia, "Sijui, mzee. Siku hizi amepoa imani."

Amepoa imani! Nilisema hivyo huku nikikusikia ukikohoa kwa moshi wa jikoni nyuma ya nyumba.

Ilipofika ibada ya kuushukuru uhuru, mzee alisoma majina ya waliotumika kwa uaminifu. Walisimama mmoja mmoja, wakapigiwa vigelegele. Wewe uliyefagia kanisa lile tangu lilipokuwa la makuti, hukutajwa. Akamalizia kwa kuwaonya "walioanza vizuri wakapoa". Shingo zikageuka kwetu. Nilitaka kuinuka niseme, nikabaki nimeketi. Ukanishika goti, ukaninong'oneza, "Tulia. Mwanakombo yu hai." Kisha ukaimba pamoja na wengine.

Ulirudia ufagio wako. Miaka ikapita, nami nikanyamaza mpaka ukafa.

Jana nilikwenda kwa Mwanakombo, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akisuka ukili wa mkeka, asiinue macho.

"Alijua," akasema. "Aliwasikia, wewe na mzee, akiwa jikoni. Akaja kwangu akalia, mara ile moja tu. Kisha akaniapisha: 'Usimwambie kwamba nimesikia. Ananyonyesha, huzuni itamkausha maziwa.'"

Shangazi, nimeshindwa kula tangu jana. Jumapili hii nitasimama kanisani, mbele ya mzee yule yule, niseme nilichokisema juu yako. Huenda wakanitoa katika kwaya, huenda mume wangu akaona haya. Sifa hukuzitaka, nami siendi kukutafutia. Nakwenda kuuondoa uongo wangu juu ya jina lako.

Pumzika kwa Bwana uliyemtumikia bila kutazama nani anaona.

Ni mimi,
binti wa kaka yako