Msaragambo Ndani ya Kifua

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu za kupanda milima ya Chome, na kile kikohozi chako cha jikoni kimepungua. Mimi nimenenepa kama ng'ombe wa Ndungu aliyeingia kwenye mpunga. Kaa kitako kabla Nakunda mdogo wangu hajaendelea kukusomea: mwanao niliyeishia darasa la saba nimepata kazi maabara, hospitali kubwa huku Morogoro. Kiwanda cha mkonge kimepata tajiri mpya, nami nimemwachia vumbi lake. Sasa natazama kwa darubini, ile inayokuza kiroboto mpaka unamwona kama mbuzi.

Mkubwa wangu ni Mzee Mhina, Msambaa, mtani hasa. Ana kiboksi cha vioo vyenye vipande vya mwili wa mtu, alivyosomea ujanani. Siku moja akaweka kimoja chini ya darubini, akaniita.

"Funga jicho moja, Mpare. Unamkonyeza nani?"

"Naona rangi ya waridi tu, mzee."

"Hiyo ni njia ya hewa ya mtu, imekatwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Nyinyi Wapare mnashitakiana hata kwa ajili ya kuku. Leo nakupa ushahidi wa macho."

Mama, lile bomba la hewa lina manyoya ndani. Si haya ya puani. Ni madogo mno, yamesimama ukutani yamebanana, na katikati yake kuna vitu kama vikombe vinavyomwaga ute. Vumbi likiingia linanasa kwenye ute, na manyoya yanainama na kuinuka, moja baada ya jingine, kuusukuma juu kooni. Hayalali.

Nikasema, "Mzee, huu ni msaragambo."

"Ndiyo nini?"

Nikamweleza: kwetu bwawa la ndiva likijaa tope, baragumu linapigwa, kila nyumba inatoa mtu, tunapokezana tope mpaka maji yashuke mashambani.

"Na asiyetokea?"

"Anatozwa faini."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Basi moshi na vumbi la mkonge vinawalewesha watu wako, hawatokei. Tope linabaki. Ndilo hilo unalosikia likikoroma kifuani."

Kioo cha pili kilikuwa pafu lenyewe. Mifereji inagawanyika, inagawanyika tena, mpaka inaishia kwenye vijumba vitupu, ukuta wake mwembamba hata hewa inapita kuingia kwenye damu bila mlango. Hapo utani uliniisha. Nilikumbuka uliponibeba mgongoni na nimonia yangu mpaka zahanati, mvua inapiga, kanga zako zote mbili umenifunika mimi. Vijumba vyangu vile ni wewe uliyeviokoa. Ahsante, Mama. Sikuwahi kuisema.

Siku hizi maduka yamejaa, foleni za sabuni zimekwisha. Nimempa kondakta wa basi la Same kanga mbili mpya akuletee. Na kaka Senkondo atoboe dirisha juu ya mafiga, wiki hii, asisubiri mavuno. Moshi utafute njia nyingine, usipite kifuani kwako.

Krismasi mnayonisubiri sitafika, kazi imebana.

Nisalimie baba mdogo mpiga baragumu, mwambie sifa zake zimefika mpaka maabara. Nisalimie shangazi ambaye makande yake nayaota, na mchungaji anayekupokelea barua.

Nakunda, hapa soma polepole, umshike Mama mkono.

Mama, kazi ya maabara sina. Ni uongo. Darubini ile ndiyo iliyopima makohozi yangu, nayo yameonyesha kifua kikuu. Nimelazwa. Nilitoroka wodini mara mbili, na Mzee Mhina, mpimaji wa maabara, alinionyesha vile vioo ili nijue ninachokikimbia. Sasa nameza dawa mbele ya muuguzi kila asubuhi, na sijatoroka tena.

Mwanao, bado nahema,
Kiangi