Miguu ya Nasieku

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kliniki, mjini. Nasieku ana miaka mitatu na nusu na magoti yanazidi kuachana. Akisimama wima napitisha ngumi katikati. Daktari kasema matege kama haya yana sababu nyingi. Maji yetu ya Ngaramtoni yana floraidi nyingi, na magadi ya kupikia pia yana. Au ni ya damu, ya ukoo. Hayo ya ukoo yana dawa yake, na mapema ni bora.
Akauliza: kwenu kuna mwenye miguu hii? Mume wangu Koikai kajibu kwao hapana, ni meno tu ya kahawia. Nikasema kwetu pia hakuna.
Nimedanganya! Kaka yangu Sifael alitembea hivihivi mpaka kufa kwake. Na kwetu Machame maji ni safi kabisa. Alifariki kabla sijaolewa, Koikai hamjui.

Jumatano, 5 Machi
Koikai kamweleza mama yake, Yeyo, maneno ya daktari. Nikienda kushona sare, Yeyo ndiye hubaki na mtoto. Makande yake laini, yanayeyuka mdomoni — kwa magadi. Baadaye nikamkuta anamwaga mfuko mzima wa magadi chooni. "Koikai nilimlea hivihivi," kasema. Hakunitazama.

Jumapili, 9 Machi
Yeyo hali chakula. Natoka kanisani, nakuta anakinga mvua kwa masufuria yote, hadi beseni la kuogea. Maharage yako jikoni tangu alfajiri, bila magadi, magumu kama kokoto. Kampondea mjukuu. Mjukuu kayatema.
Halafu jirani, Mama Anneth, pale getini: eti ni kweli bibi ndiye kampinda mtoto miguu? Yeyo kacheka, khanga mdomoni, anavyoficha meno yake siku zote. Akaingia ndani. Nikamsikia analia.
Nilitaka kumfuata. Nikachukua ufagio, nikafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa.

Alhamisi, 13 Machi
Nimempigia mama. Kumbe babu naye alikuwa na matege! Na shangazi yake mama. "Tulisema ni utapiamlo. Ningetangaza, nani angekuoa?" Nikakata simu.
Na mimi? Mfupi, sketi ndefu mwaka mzima. Sijawahi kujiuliza kwa nini.
Koikai atasema nini? Na huyu wa tumboni — wiki ya kumi na moja, hakuna anayejua.

Jumatatu, 17 Machi
Benchi la hospitali. Majibu ya damu yametoka. Koikai kakosa ruhusa kazini, kaja Yeyo. Tangu nyumbani kambeba Nasieku mgongoni, hataki hata akanyage chini.
Nimemwambia, "Yeyo, huenda si magadi."
Kanishika mkono. "Usinifariji, mwanangu. Nitamwambia daktari mwenyewe. Mpishi ni mimi."
"Nilikuwa na kaka," nikasema.
"Kaka gani?"
Nimetoa daftari, naandika, kama mtu mwenye shughuli. Bado ananitazama. Mkono wake bado uko juu ya goti langu.
Nesi kaita jina la Nasieku. Yeyo kaniangalia mara moja, kajifunga khanga vizuri, kainuka na mtoto. Hakunisubiri. Mlango uko wazi, namsikia: "Shikamoo" ya daktari, kisha yeye, sauti ndogo — "Marahaba. Mwanangu, kosa ni langu, mimi ndiye niliye..."
Hapana. Naweka kalamu, naingia —