Aliye Ndani ya Bwana Mabati

Ghalani, 9 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Na cherehani, bado inakutii au imeanza tena kula uzi? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaniingia mpaka ndani ya soksi.

Umeniandikia kwamba Chiriku anakusumbua, kila siku anauliza baba yake anafanya kazi gani hata asije kumwona. Mama, nimwambie nini mtoto wa miaka saba? Kwamba baba anasukuma mkokoteni wa mitumba, na bosi akikohoa tu anakimbia? Nimepata dawa. Humu kwenye bahasha utakuta sidii ya filamu ya Kijapani ya zamani, imetupwa hapa pamoja na vitu vya mtu aliyehama. Kuna jitu refu kuliko ghorofa, linavaa vazi la kung'aa na kupigana na madubwana. Mwambie aliye ndani ni mimi. Uso hauonekani, nani atabisha?

Mbusu. Mwaka huu nakuja, Mungu akipenda.

Mwanao

*

Dukani, 2 Machi

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Mgongo unalalamika kama mpangaji, lakini haujahama. Cherehani ikila uzi naipiga kofi, inautapika.

Sasa nisikilize. Mimi nimeona mengi. Nimeshona suti ya balozi. Nimeshona gauni la mwanamke aliyeolewa mara nne, na mara zote nne alikuja kwangu. Lakini kichekesho kama hiki sijapata kukiona! Jitu lako tumelipa jina Bwana Mabati. Zipu yake imeanzia kisogoni mpaka makalioni, tena zipu ya begi, na aliyeitia ama alikuwa amelewa ama amegombana na mumewe. Magotini vazi limejikunja kama soksi za mzee. Dubwana la kwanza ni kaa mwenye masikio, na chini ya mkia unaona raba nyeupe za mtu, kamba zimefungwa vizuri kabisa. Mji wote ni maboksi. Ghorofa lile lile linavunjwa, kipindi kinachofuata limesimama linasubiri kuvunjwa tena. Ndege za jeshi zinaning'inia kwa uzi, na uzi mimi hunifichi. Halafu madubwana yana adabu! Bwana Mabati akishika kiuno na kupiga mkao, dubwana linangoja pembeni mpaka amalize, ndipo likubali kupigwa.

Chiriku nilipomwambia "huyo ni baba yako" hakupiga kelele. Mtoto asiyenyamaza hata akiwa na wali mdomoni! Alisogea mpaka kwenye televisheni, akaweka kiganja kifuani kwa jitu, akauliza, "Bibi, humo ndani kuna joto?"

Nikamwambia, "Joto sana. Ndiyo maana barua zake fupi."

Basi mtaa mzima umejua. Nani kawaambia? Mimi, nani mwingine? Jioni watoto wanajaa dukani, wanakaa juu ya mabaki ya vitambaa, nami nawatafsiria.

"Bibi, kumbe Kijapani unakijua?"

"Nakijua sana! Ni lugha ya watu wenye haraka. Huyo kaa anauliza nani kamkanyaga mkia."

Hata muuza mkaa wa upande wa pili wa barabara alikuja. Unamjua, yule ambaye mwanawe ni karani na hatupumui kwa majivuno yake. Akasimama mlangoni akitazama Bwana Mabati anavyong'oa daraja. Akasema, "Kumbe mwanao ana nguvu namna hii?"

Nikamjibu, "Hapo hajala."

Tuletee nyingine. Nawe uje. Tangu mama yake aolewe kwingine, mtoto hana wa kumwita ila mimi, na mimi ninazeeka, ingawa kwa kutazama huwezi kujua.

Mama yako, fundi wa mabalozi

*

Ghalani, 18 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Habari za nyumbani, za mgongo, za muuza mkaa? Huku salama, kazi tu inatukalia kichwani.

Barua yako nimeisoma wakati wa mapumziko, nikacheka mpaka msimamizi akauliza kama naumwa. Nimekutumia boksi zima la Bwana Mabati, mwanzo mpaka mwisho, nimelitoa kwenye rundo kabla halijauzwa. Humo kuna uyoga wenye miguu, kuna nondo anayetema povu la sabuni, utacheka ufe.

Mchoro wa Chiriku umefika. Kanichora nimemweka begani, tuko juu ya mawingu. Nimeubandika ndani ya mlango wa kabati langu. Mwambie baba yuko kwenye pambano kubwa, likiisha anakuja. Likizo nimeshaomba.

Mwanao

*

Dukani, 20 Julai

Mwanangu,

Salamu kwanza, maana adabu ni adabu. Mimi mzima wa mwili. Natumaini nawe pia.

Boksi lako limetumaliza.

Jumamosi tulitazama kipindi cha mwisho. Duka limejaa, muuza mkaa kaleta na kigoda chake. Bwana Mabati akalipiga lile nondo, akashika kiuno, akaruka kwenda mbinguni, uzi unaonekana, watoto wakashangilia. Nikasimama nizime deki. Chiriku akasema, "Bibi, acha, labda kuna kingine."

Kilikuwepo. Mwisho wa sidii wameweka picha za siku walipokuwa wanatengeneza. Bwana Mabati kakaa kwenye kiti cha kukunja, mtu anamfungua zipu. Kichwa kikatoka. Ndani yake Mjapani mwembamba, kalowa jasho, anacheka, anapewa kikombe cha chai. Halafu wakamwonyesha tena alivyo siku hizi, mzee wa mvi, ameshika kile kichwa mapajani. Muuza mkaa akachukua boksi, akaligeuza, akasoma mwaka. Akasema taratibu, wala hakunikejeli, "Mama, hii ilipigwa mwanao hajazaliwa."

Mwanangu, nikazima deki, lakini nimeshachelewa.

Mtoto mmoja akasema, "Chiriku, baba yako kavua mpaka ngozi!" Duka zima likaangua kicheko. Chiriku alicheka nao. Hicho ndicho kilichoniumiza, kwamba alicheka nao, tena kwa nguvu kuliko wote, macho yakiwa kwangu.

Sasa shuleni wanamwita Zipu. "Zipu, njoo ubaoni." "Zipu, baba yako leo ni nani, treni?" Akisema mvua inanyesha, wanatoka nje kuhakikisha. Kalamu ya mwenzake ilipopotea, mfuko wa kwanza kupekuliwa ulikuwa wake.

Sikulaumu peke yako. Wewe ulileta kitambaa, lakini aliyeshona ni mimi, na nilishona kwa mapambo. Kwa hiyo nakuomba kama mtu aliyeshiriki kosa. Novemba shule ina siku ya wazazi. Njoo usimame getini alasiri moja tu, wakuone. Usilete kitu. Njoo na miguu. Mtoto aseme "huyu ndiye baba yangu," na safari hii iwe kweli.

Mama yako

*

Ghalani, 15 Agosti

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikashindwa kukaa. Nisamehe. Mwambie Chiriku nakuja. Tiketi naishughulikia, bosi amekubali kwa mdomo wake mwenyewe. Siku ya wazazi nitakuwa getini kabla ya mlinzi. Hao wanaomwita Zipu nataka niwasalimie mmoja mmoja kwa mkono.

Mwambie nina masharubu siku hizi, asije akanipita.

Mwanao

*

Ghalani, 1 Desemba

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaki kunisikia.

Nilifika mpaka uwanja wa ndege. Naapa. Nilikuwa na tiketi mkononi. Pale pana kioo kikubwa, nikajiona. Koti la mitumba, mfuko mmoja, mtu mfupi aliyechoka. Mama, ulishawaambia mimi ni jitu. Nije na urefu huu? Muuza mkaa aniangalie kutoka upande wa pili wa barabara, mwanawe karani? Miguu ilikataa. Nikarudi ghalani, nikapokea zamu ya jioni.

Nipe muda nitengeneze mambo, nije kama mtu. Nimemtumia Chiriku kinyago cha Bwana Mabati, kipya kabisa, ndani ya plastiki yake. Mwambie baba anampenda.

Mwanao

*

Dukani, 14 Januari

Mwanangu,

Safari hii salamu zimenigomea. Utajaza mwenyewe unavyojua.

Siku ya wazazi nilimnyooshea gauni mara mbili. Akasimama getini tangu asubuhi. Kila mwanamume mwenye masharubu aliyepita, alimtazama mdomo kwanza, ndipo macho. Wawili watatu walicheka, wakadhani masharubu yao yana chai. Wenzake wakapita: "Zipu, jitu limekwama mlangoni?" Mimi nilikaa kwenye benchi la ukutani, nikimtazama. Tulibaki mpaka mlinzi akafunga geti, akatuomba radhi kana kwamba kosa ni lake.

Tukarudi. Chiriku wetu, kimya nyumba nzima.

Jumatatu mwalimu wake akamuuliza mbele ya darasa, baba alipatwa na nini hata asifike. Akasimama wima, akasema, "Baba yangu amefariki."

Mwalimu alikuja dukani jioni ile ile. Nilikuwa na pini mdomoni, napima bega la mteja. Akanishika mkono, akasema, "Mama, pole sana kwa msiba. Mtoto ametueleza." Nikamtazama Chiriku. Alikuwa amesimama nyuma ya mwalimu. Hakuniomba chochote. Alisubiri tu aone kama nami nitamcheka mbele za watu.

Ningesema nini? Niseme yu mzima, ana masharubu, alijiona kwenye kioo akaghairi? Mtoto awe mwongo mara ya pili? Nikatema pini. Nikasema, "Tumeshapoa, mwalimu."

Basi watu wakaja. Muuza mkaa hakufungua biashara, alibeba viti mgongoni kuvivusha barabara, akakaa nami mpaka giza, wala hakumtaja mwanawe hata mara moja. Nilianza kulia kwa kuigiza, kwani mimi ni mwigizaji mzuri, kila mtu anajua. Halafu nikashindwa kuacha. Wanawake wakanishika mabega. Nilikulilia wewe, mwanangu, na machozi yalikuwa ya kweli kuliko kitu chochote nilichowahi kusema katika duka hili.

Sasa hakuna anayemwita Zipu. Wanamwazima kalamu. Aliyesema umevua ngozi ndiye anayembebea mkoba. Ameanza tena kuongea, juzi aliongea mpaka chai ikapoa.

Kinyago kilifika wiki iliyopita. Tarishi aliita kwa sauti mlangoni, "Kifurushi kutoka ng'ambo!" Nikakinyakua, nikasema ni vifungo nilivyoagiza. Nimekirudisha pamoja na barua hii, plastiki haijafunguliwa. Marehemu hatumi vifurushi. Wala haandiki. Wala hatokei ghafla barabarani na mfuko mmoja, maana siku hiyo wote watamgeukia Chiriku, na safari hiyo hatakuwa na pa kukimbilia.

Nilikuzaa mmoja tu. Nakupenda hata sasa, na koti lako na urefu wako. Ungekuja hivyo hivyo, ningekuvusha barabara nikijisifu. Lakini mtoto aliniangalia, na ilinibidi nichague kabla mwalimu hajaachia mkono wangu.

Vaa vizuri, baridi isikuue kweli. Barua hii usiijibu.

Bibi yake Chiriku