Samaki Wakavu wa Mama

3 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi moyo umechoka. Daktari hanifichi tena, nami sitaki kuondoka nikiwa bado nakuficha wewe. Miaka arobaini na moja nimeficha jinsi wale samaki wakavu walivyoingia kwenye sanduku lako.

Mama aliwafunga kwenye langu. Tulipolala njiani kungoja ndege ya pili, nilikuta mashati yangu mapya yananuka. Nilikuwa naenda kusomea shahada ya pili. Nikajiona nikiingia darasani na harufu ya jikoni kwetu. Kuwatupa nilishindwa, kwa kuwa ni mkono wa mama. Kuwabeba niliona haya. Asubuhi, ulipokuwa unaoga, niliwahamishia kwako, chini ya sare zako za uuguzi.

Forodhani ulijaza fomu kwamba hukubeba chakula. Walipokivuta kile kifurushi ukaniita: "Kaka, waambie." Mimi nilikuwa nimeshapita meza yao. Niliinama nikafunga kamba ya kiatu. Wakakurudisha nyumbani kwa kosa la kusema uongo.

Nisamehe ukiweza.

Kaka yako


20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Pole na moyo. Mimi nipo, magoti yanalalamika kuliko mwenyewe.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya cherehani, nikashona mapazia ya watu siku tatu bila kusema na mtu. Mshonaji mwenzangu akaniuliza, "Bibi, umemeza sindano?"

Uuguzi nilishauzika zamani. Kinachonikaba ni mama. Alinipigia magoti sebuleni, mama yetu, akasema alichanganya masanduku, nimwie radhi. Miaka sita, mpaka anafariki, sikula tena alichopika.

Sasa niambie, msomi wetu: kama hakukosea, kwa nini alikubali kosa? Alijua ni wewe, akakukingia kifua? Usinipambie maneno.

Mdogo wako


9 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Magoti je? Sikuchelewa kwa ugonjwa. Barua hii nimeianza mara nne, na mara zote nne nikaichana.

Mama hakunikingia kifua. Hakujua lolote. Wiki uliyorudi aliniandikia: "Mwanangu, nakumbuka niliwafunga kwenye sanduku lako, chini ya mashati, kwa kile kitambaa changu cha meza. Au nimesahau? Nikumbushe, maana mdogo wako ananitazama kama mwizi."

Nilimjibu siku ileile, kwa mwandiko mzuri. Nilisema masanduku yalifanana, na ile harakaharaka ya safari ingemchanganya mtu yeyote. Akaniamini kuliko alivyoiamini mikono yake mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

Na ili asiulize tena, nilimwandikia kwamba nilimwona kwa macho yangu akiwafunga kwenye sanduku lako.

Kaka yako