Mbuzi wa Mutsamudu Wapakwa Tope

Shemeji Kornelio,

Habari za Mbinga na watoto? Mimi mzima, jasho tu linaniloanisha.

Serikali mpya ya huku visiwani iliomba mtaalamu wa mifugo. Wakubwa wetu, kwa akili zao, wakawaletea Waislamu watupu mimi, bwana mifugo wa nguruwe! Kamati ya vijana ikakusanya watu bandarini wanisikilize. Nikaeleza ninachokijua: nguruwe hatoi jasho, jua kali humuua, kwa hiyo joto likizidi mpe kivuli na tope agaagae.

Mkalimani wangu, Mzee Abdou, muuza vitambaa aliyewahi kukaa Unguja, hakutaka kulitia jina hilo kinywani. Kumbe kila niliposema nguruwe, yeye alisema mbuzi. Watu wakaitikia vizuri mno.

Leo nimepita mjini Mutsamudu nikakuta mbuzi wamepakwa tope mpaka masikioni, wanalia. Nikamwambia kiongozi wa kamati kwamba mbuzi huchukia kulowa. Akanijibu, "Hao ni mbuzi wa kikoloni. Watazoea." Taarifa imeshakwenda makao makuu Moroni kwamba somo limefaulu.

Nikamfokea Mzee Abdou. Akaninong'oneza, "Bwana, ningelitaja jina lenyewe, wangekupaka tope wewe."

Wamwagie maji nguruwe wangu mchana, shemeji, na dada yako mwambie namkumbuka. Hao nguruwe waambie huku hakuna wa kuwala; wangekuja, wangeogopa jua tu. Wanaoogopa kamati ni mbuzi.

Wako mwenye kuungua,
Severini